Miguu Ikivimba, Usimtafute Mchawi



Ukijitambulisha mbele ya watu wa Dar es Salaam kuwa umetoka Bariadi, hazipiti dakika tano kabla mtu hajakuuliza habari za Gamboshi. Atauliza huku anacheka, lakini jicho lake litakuwa linakupima kuanzia unyayo hadi utosi. Gamboshi ni kijiji cha Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, na kwa miaka mingi kimebebeshwa sifa ya kuwa makao makuu ya wachawi wa Tanzania nzima. Husemwa kwamba usiku kijiji hicho hugeuka kuwa jiji linalowaka taa kama Ulaya. Mimi nimefika huko katika kazi yangu hii ya kubeba kinasa sauti. Nilikuta watu wanapalilia pamba, watoto wanachunga ng'ombe na akina mama wanateka maji. Taa niliyoiona usiku ilikuwa ya koroboi.

Leo sikukusudia kuzungumzia uchawi. Nimekusudia kuzungumzia moyo, huu mnofu unaopiga kifuani mwako wakati unanisikiliza. Lakini katika nchi yetu mambo haya mawili hukutana njiani mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, na mahali yanapokutania ni kwenye miguu iliyovimba.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaanza kuchoka bila sababu. Shamba alilokuwa akilima kwa asubuhi moja sasa linamchukua siku tatu. Jioni viatu vinambana. Ukimbonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo linabaki palepale kama umebonyeza ugali. Usiku, baada ya usingizi wa saa moja au mbili, anashtuka kama mtu anayekabwa koo, anakimbilia mlangoni kutafuta hewa. Tumbo linajaa. Kikohozi hakiponi. Ndugu wanakaa kikao. Mmoja anasema huyu amekanyaga kitu. Mwingine anasema huyu kuna watu wanamkaba usiku. Na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, anamkumbuka bibi mmoja wa jirani mwenye macho mekundu.

Nawe msikilizaji wa mjini usijitoe katika habari hii. Maneno hayohayo nimeyasikia Manzese, na nimeyasikia kwa watu wenye shahada.

Maradhi hayo yana jina. Madaktari wanayaita moyo kushindwa kufanya kazi. Mitaani watu husema "moyo wake umetanuka" au "ana moyo mkubwa". Jina hilo la kushindwa linapotosha kidogo, maana mgonjwa akilisikia hudhani moyo umesimama. La hasha. Moyo uliosimama ni jambo la dakika chache, na mtu asiposaidiwa papo hapo amekwisha. Shambulio la moyo nalo ni jambo jingine, ni pale mshipa unaoulisha moyo wenyewe unapozibwa na sehemu ya mnofu ikafa kwa kukosa damu. Moyo kushindwa ni kwamba pampu bado inafanya kazi lakini haitoshi mahitaji ya mwili, na mtu anaweza kuishi katika hali hiyo miaka mingi kama atatunzwa, au miezi michache kama hakutunzwa.

Sasa tuutazame moyo ukiwa mzima. Una ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, umekaa katikati ya kifua na ncha yake imeelekea kushoto. Ndani una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu ni vya kupokea, vya chini ni vya kusukuma. Ukuta unatenganisha upande wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo kwa hakika tuna pampu mbili zilizogandana. Ya kulia inapokea damu iliyochoka, ambayo imekwisha kugawa hewa yake safi huko mwilini, na kuipeleka mapafuni. Mapafu ni jirani, kazi hiyo haitaki nguvu nyingi. Ya kushoto inapokea damu iliyotoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, kuanzia ubongo hadi kidole cha mwisho cha mguu, ndiyo maana ukuta wa chumba chake ni mnene kama mara tatu ya ule wa kulia. Katika njia za kupitia damu kuna milango minne midogo inayofunguka upande mmoja tu, mithili ya valvu ya baiskeli. Ile sauti ya du-dup anayoisikia daktari kwenye mipira yake ya masikioni si moyo kugonga kifua, ni milango hiyo inajifunga.

Kwamba damu inazunguka na kurudi ilikotoka, haya tunayafundisha shule ya msingi kama jambo dogo. Lakini binadamu alichukua muda kuyajua. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, ndipo hufika upande wa kushoto. Mzunguko mzima ulielezwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Tuchukue 72. Kwa saa 24 ni mara 103,680. Kila dakika moyo husukuma kama lita 5 za damu, kwa siku lita 7,200. Hayo ni mapipa 36, yale ya lita 200 tunayohifadhia maji uani. Damu yote mwilini ni kama lita 5 tu, kwa hiyo ni ileile inayozungushwa, usiku na mchana, bila likizo wala posho.

Na nani anaupigia moyo ngoma? Mfugaji yeyote wa Usukumani amewahi kuona moyo wa mnyama aliyekwisha kuchinjwa ukiendelea kutikisika kwa muda. Kichwa kimekwisha kukatwa, amri inatoka wapi? Inatoka ndani ya moyo wenyewe. Kwenye chumba cha juu cha kulia kuna kiini kidogo kinachozalisha umeme, nao husambaa kwa mpangilio, vyumba vya juu vikaze kwanza, kisha vya chini. Mishipa ya fahamu inaweza kuuambia moyo ukimbie au upunguze mwendo, lakini haiuwashi.

Umeme huo ukivurugika, pampu nayo huvurugika. Usiku wa Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipolitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli, alieleza kuwa kilitokana na maradhi ya moyo, tatizo la mfumo wa umeme ambalo Rais alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka kumi. Vijiwe vya kahawa vilivyokuwa vikibishana mpira viligeuka kuwa madarasa ya umeme wa moyo. Kwa maoni yangu, ni bahati mbaya kwamba somo hilo lilikuja na msiba mkubwa kiasi hicho, na likasahaulika upesi.

Turudi kwenye kushindwa. Chumba cha chini cha kushoto kikiwa kizima, kila kinapokaza hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Kikilegea hutoa asilimia 40, au 30, au hata chini ya 20, na kadiri damu inavyobaki ndani ndivyo chumba kinavyotanuka. Huo ndio moyo mkubwa wa mitaani. Upo na moyo wa namna nyingine, ambao nguvu ya kukaza unayo lakini kuta zake zimekakamaa kama ngozi iliyoanikwa, haulegei vya kutosha kupokea damu. Huu wa pili huwapata sana wenye presha ya siku nyingi, na asiyeujua anaweza kumwambia mgonjwa kwamba moyo wake unasukuma vizuri tu, aende nyumbani.

Hapa sasa pana jambo ambalo nilipoelezwa na daktari kwa mara ya kwanza nilimwomba arudie. Moyo ukipunguza damu, figo ndizo za kwanza kulalamika. Lakini figo hazina macho. Zikipata damu kidogo, hudhani mwenye mwili amejeruhiwa na damu imemwagika, au amekaa na kiu jangwani. Basi hufanya lile ambalo lingemwokoa majeruhi: huzuia chumvi na maji visitoke. Wakati huohuo mwili hutoa vichocheo vya kubana mishipa na kuuharakisha moyo. Kwa majeruhi wa kweli huo ni uokozi. Kwa mwenye moyo dhaifu ni balaa, kwa sababu maji yanaongezeka katika bomba ambalo pampu yake tayari imezidiwa, na mishipa iliyobanwa inamwongezea mzigo.

Mkulima wa Itilima au Maswa ataelewa haraka kuliko mimi. Maksai amechoka katikati ya shamba, plau imekwama. Mwenye fimbo anampiga. Ng'ombe anajikaza, anavuta hatua kumi, mwenye fimbo anaona dawa yake imefanya kazi, anampiga tena. Mwisho wa ng'ombe huyo unajulikana. Mwili wenyewe ndio unaoshika fimbo hiyo, na mgonjwa hana habari.

Maji yanayozuiliwa hayana budi kwenda mahali. Upande wa kushoto ukizidiwa, damu inarundikana nyuma yake, nako ni mapafuni. Maji yanachuja na kuingia katika vifuko vya hewa. Mtu akisimama au kukaa, uzito wa dunia unayavuta maji chini, anapata nafuu. Akilala chali, maji ya miguuni nayo yanarudi kifuani. Ndiyo kule kukabwa usiku. Upande wa kulia ukizidiwa, damu inarundikana mwilini: miguu, ini, tumbo, mishipa ya shingo inasimama.

Niliwahi kupanda basi kutoka Bariadi kwenda Mwanza, kupitia Lamadi na Magu, nikakaa kiti kimoja na mzee aliyekuwa anakwenda Bugando. Kila basi lilipopanda kilima yeye ndiye aliyehema.

"Pole mzee," nikamwambia. "Naona usingizi ulikuwa wa shida."

"Mwanangu, mimi sijalala tangu wakati wa mavuno," akanijibu. "Naegemea gunia la pumba, nasinzia nimekaa kama kuku."

Akaniambia mitamba miwili ilikwisha kwenda kwa waganga, mmoja ng'ambo ya mto Simiyu na mwingine mbali zaidi, kabla binti yake hajagoma na kusema sasa tunakwenda hospitali. Sikumuuliza kama kuna jirani aliyetajwa. Nilitaka kumuuliza, kisha nikaona haya. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba swali lake la kwanza kwa mgonjwa wa namna hiyo si la kitaalamu hata kidogo. Humuuliza: unalala na mito mingapi?

Moyo unafikaje huko? Kuna utafiti uliofanyika Muhimbili, ukiongozwa na Dk. Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya. Walifuatiliwa wagonjwa wazima 427 wa moyo kushindwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Asilimia 45 walifikishwa hapo na presha ya kupanda. Asilimia 28 walikuwa na ugonjwa wa mnofu wa moyo wenyewe. Asilimia 12 milango ya moyo ilikuwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mishipa ya moyo kuziba, ambalo ndilo jambo kubwa huko Ulaya na Marekani, ilikuwa asilimia 9 tu. Na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya wagonjwa hawa kwa kawaida wamevuka 70. Hivyo maradhi ambayo kwa wenzetu humkuta babu aliyestaafu, kwetu humkuta baba mwenye watoto shuleni.

Presha sitaisema sana, imesemwa mno. Nitasema jambo moja. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea haiumi. Watu wanangoja iwaume kichwa ndipo wapime, nayo inaukakamaza moyo kimyakimya kwa miaka.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni hili la koo la mtoto, kwa sababu halisemwi. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo yamevimba, anapewa maji ya chumvi na siku ya tano anacheza. Katika baadhi ya koo hizo kuna bakteria ambaye mwili hupigana naye kwa silaha isiyotofautisha adui na ndugu. Wiki mbili au tatu baadaye maungio yanauma na kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungio hupona. Milango ya moyo huweza kubaki na makovu, na homa ikirudi makovu yanaongezeka, hadi mlango haufunguki sawasawa au haufungiki. Miaka kumi au kumi na tano baadaye msichana anapata mimba, damu mwilini inaongezeka kama inavyotakiwa, na mlango ule mbovu unashindwa. Penisilini iliyotolewa mapema kwenye lile koo ingetosha kuzuia. Na kwa aliyekwisha kupata homa hiyo, sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, huzuia isirudi. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kazi ngumu ni kumfikisha mtoto zahanati kila mwezi wakati mwenyewe anaruka kamba na haumwi popote.

Kuna na akina mama ambao moyo wao unalegea bila kosa lolote katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Bibi wa nyumbani huona miguu imevimba, akasema ni uzazi, itapungua. Mara nyingi ni kweli. Lakini mzazi ambaye hawezi kulala chali na anakohoa usiku asiachwe hadi arobaini ifike. Upungufu mkubwa wa damu nao huukimbiza moyo, na hivyo hivyo ugonjwa wa sikoseli, ambao Kanda ya Ziwa unao kwa wingi. Kule Busega, kando ya ziwa, kichocho cha tumbo cha miaka mingi kinaweza kuharibu mishipa ya mapafu na kuuelemea upande wa kulia wa moyo.

Na moshi. Mwanamke aliyepika miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni za mabua ya pamba au samadi kavu ya ng'ombe, mapafu yake yanaumia, na mapafu yakikakamaa pampu ya kulia inasukuma kama mtu anayesukuma ukuta. Moshi huohuo ndio unaoyafanya macho yake yawe mekundu. Naomba msikilizaji utulie hapo kidogo. Bibi yule mwenye macho mekundu, anayetajwa katika kikao cha ndugu, pengine naye anaumwa, na chanzo cha kuumwa kwake ndicho chanzo cha macho yanayomfanya aitwe mchawi.

Mauaji ya vikongwe Usukumani si hadithi za kuwatisha watoto. Mtaalamu wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo leo iko mkoani Simiyu, na mwaka 2005 akachapisha alichokikuta. Waliouawa kwa tuhuma za uchawi karibu wote walikuwa wanawake wazee, na kwa kawaida muuaji alikuwa mtu wa ukoo. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko mauaji hayo yaliongezeka mara mbili. Ajabu ni kwamba hakukuta ongezeko kama hilo katika miaka ya milipuko ya maradhi. Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu linapingana na tunavyosema wenyewe, kwamba bibi ameuawa kwa sababu aliroga mtu akaugua. Inaonekana maradhi hutajwa katika kikao, lakini njaa ndiyo inayonoa panga.

Sasa sikiliza habari ya bibi mwingine. Mwaka 1775 daktari wa Kiingereza, William Withering, aliombwa maoni kuhusu dawa ya mitishamba ya mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire, aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba mwili kwa maji, wakati mwingine baada ya madaktari kushindwa. Dawa ilikuwa na majani ya aina ishirini au zaidi. Withering alitambua kuwa lenye kazi ni moja, akalijaribu kwa wagonjwa kwa miaka kumi, na mwaka 1785 akaandika kitabu akieleza kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua, kwa sababu tofauti yake ni ndogo. Kutoka katika jamii ya mmea huo tunapata digoksini, ambayo hadi leo imo katika maduka ya dawa. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaocheka mitishamba. Ninachouliza mganga ni kile alichokiandika Withering: kijiko kimoja au viwili, na kikizidi kinatokea nini?

Dawa za leo kwa sehemu kubwa zinafanya kazi ya kumpokonya mtu ile fimbo ya maksai. Furosemidi, ambayo watu huita vidonge vya kukojoza, hutoa maji na kuleta nafuu ya haraka, ndiyo maana hupendwa. Lakini zinazorefusha maisha ni zile ambazo mgonjwa hazioni zikifanya kazi. Enalaprili na ndugu zake huzuia kichocheo kinachobana mishipa. Ya kwanza ya kumeza katika kundi hilo, kaptoprili, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil. Mwaka 1987 wataalamu wa nchi za Ulaya ya Kaskazini walionyesha kwamba enalaprili ilipunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa moyo kwa asilimia 40 katika miezi sita. Karvediloli na bisoprololi humpumzisha ng'ombe. Spironolaktoni huziambia figo ziache hofu. Na tangu mwaka 2019 imejulikana kwamba dapagliflozini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, huwasaidia wenye moyo dhaifu hata kama hawana kisukari.

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Mgonjwa anatoka hospitali miguu imepungua, analala chali, anasema nimepona, anaacha vidonge. Baada ya miezi miwili anarudishwa kwa machela. Ugonjwa huu hauponi kama malaria. Unashikwa mkono, ukiuachia unarudi.

Halafu chumvi. Wasukuma wa zamani waliiheshimu chumvi kuliko sisi. Vijana walikuwa wakifunga safari ya miguu kuvuka nyika hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya simba na kiu, na aliyerudi na mzigo wake alihesabiwa kuwa mwanamume. Chumvi iliyopatikana kwa jasho hilo haikumwagwa ovyo. Leo paketi iko dukani kwa bei ya pipi, tunaitia kwenye mboga, kisha tunaiweka mezani, na kayabo wa sangara tunamla kama kwamba hakupita kwenye chumvi kabla. Kwa mwenye moyo uliochoka, chumvi hiyo ndiyo inayoyashika maji yasitoke. Vidonge vya kukojoza vinatoa, mchuzi unarudisha.

Kuhusu mahali pa kwenda, hali si ile ya zamani. Kulikuwa na wakati ambapo mtoto mwenye tundu kwenye moyo alingoja kupelekwa India au alingoja kufa. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikawa taasisi inayojitegemea. Lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bariadi. Bugando ni karibu zaidi, na Bariadi yenyewe, tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, imepata hospitali ya rufaa ya mkoa huko Nyaumata. Wasiwasi wangu hauko kwenye majengo. Uko kwenye kidonge cha mwezi wa nne, wakati fedha za pamba zimekwisha na mgonjwa anajisikia vizuri. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kipimo changu cha sheria hiyo kitakuwa ni kama mzee yule wa kwenye basi atapata enalaprili katika zahanati ya kijijini kwake mwezi wa kumi na mbili kama aliyoipata mwezi wa kwanza.

Jambo la mwisho ni mizani. Mgonjwa wa moyo anatakiwa ajipime uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kula. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu hajanenepa, ni maji, na arudi kwa daktari kabla hajaanza kukabwa. Nilimwambia haya ofisa wa chama cha msingi cha wakulima kule Simiyu, nikasema watu watapata wapi mizani kila asubuhi? Akacheka, akanionyesha mizani ya pamba. Wakulima wana malalamiko yao ya siku nyingi kuhusu mizani hizo, nami sitayaingilia leo. Lakini msimu wa ununuzi ukifungwa mizani hiyo hukaa ghalani chini ya turubai, haina kazi hadi msimu mwingine, na kutoka pale hadi nyumba ya karibu yenye mgonjwa ni mwendo wa dakika kumi.